Boti ya Papa Riziki Ilikuwa Kijani

"Simu ikiita, nani amekuambia boti ni nzima?"

Swali hilo niliulizwa leo asubuhi mbele ya watu, nikiwa nimesimama na kitenge kipya, na sikuwa na jibu. Maneno nilikuwa nayo. Maneno ninayo siku zote. Jibu, hapana.

Nimeaibika leo, ndugu zangu. Nimeaibika mchana kweupe, ukumbini, kisha nikatoka nje nikaaibika tena mbele ya ziwa. Mtakaosikia kwa Debo kwanza, mjue Debo huwa anaongeza chumvi. (Safari hii hakuongeza. Hakukuwa na nafasi ya kuongeza.) Kwa hiyo naandika mwenyewe, mapema, kabla hadithi haijafika Nyunzu kwa treni.

Mnaonijua mnajua kwamba tangu nirudi kutoka chuo cha Lubumbashi sijatulia. Mama anasema nakaa kwenye kiti kama nimekalia siafu. Nauliza kila kitu. Kwa nini mkutano unaanza na sala, halafu wimbo, halafu sala nyingine? Ya kwanza haikufika? Na kwa nini boti ikichelewa hapa Kalemie, hakuna anayeshtuka?

Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa. Boti ikichelewa kwetu watu wanasema, "Itakuwa imelala njiani." Wanakwenda kula. Kesho yake wanasema, "Ni upepo." Keshokutwa ndipo wanaanza kutazamana. Na muda wote huo, kama moteri ya boti imekufa, kuna mtu katikati ya maji anaelea na mizigo ya watu, anangoja sisi tumalize kusema itakuwa imelala. Si kwamba hatumpendi. Ni kwamba hakuna ambaye kazi yake ni kuuliza, kila mara, bila kuchoka: uko? Uko? Uko?

Mashine haichoki. Nikaandika programu.

Nitawaeleza kidogo jinsi ilivyo, maana bila hilo hamtaelewa aibu hii ilivyojengwa. (Nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na nilikuwa nafurahi.) Kuna lugha moja ya programu iliyobuniwa na watu wa mitambo ya simu, watu ambao mtambo wao haukuruhusiwa kulala hata siku moja. Katika lugha hiyo hutengenezi jitu moja kubwa linalojua kila kitu. Unatengeneza vijitu vingi vidogo, vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja, kila kimoja na kazi yake. Hakuna anayetia mkono mfukoni mwa mwenzake. Wakitaka kitu, wanatumiana ujumbe. Mimi nikaviita walinzi. Boti moja, mlinzi mmoja. Na juu yao nikaweka msimamizi, ambaye halindi boti yoyote: analinda walinzi. Mlinzi akikosea, hutafuti dawa, humbembelezi. Unamwacha afe. Msimamizi anaona, anaweka mwingine mahali pale pale, mpya, hana kinyongo, anaanza kazi.

Mwanzoni niligoma. Kwa nini niache kitu kife? Chuoni tulifundishwa kuzuia kila kosa kabla halijazaliwa. Nikaijaribu kwa hasira, ili nionyeshe kwamba ni uongo. Nikaua walinzi kwa mkono wangu. Wakafufuka. Nikachomoa waya. Wakafa wote. Nikaurudisha, wakaamka kama watoto wa shule waliosikia kengele. Mimi nisiyeamini hata mtu akisema mvua inakuja, nikaamini.

Sasa mlinzi anajuaje kwamba boti iko? Anabipa. Anapiga simu ya kapiteni, ikiita mara moja tu, anakata. Haili inite hata moja ya salio. Simu imeita, boti inaonekana kijani kwenye kioo cha ordinateri, kompyuta yangu: nzima. Simu haijaita mara kadhaa mfululizo, inageuka nyekundu, na wakubwa wa bandari wanapata ujumbe. Maboti yetu yanapita kandokando ya nchi kavu, rezo, mtandao wa simu, inafika. Nilijiona nimegundua kitu. Na mlinzi akizaliwa upya, jambo la kwanza anabipa, kujitambulisha.

Kwa kuwa kadi ya simu nayo inaweza kufa, niliweka namba mbili. Ya kwanza ikikataliwa, msimamizi anahamia ya pili bila kuambiwa. Na kwa kuwa mtu wa kwetu akibipwa lazima apige, niliifundisha mashine kukata simu zote zinazoingia, ili laini ibaki wazi kwa kazi.

Yaani: inabipa bila kuchoka. Ukiifungia namba moja, inakuja na nyingine. Ukiipigia, inakata. Mimi niliona huo ni uimara. (Someni tena, taratibu, mkifikiri kama mke wa mtu. Mimi sikufikiri hivyo. Sina mume, lakini si sababu.)

Mwenyekiti wa chama cha wenye maboti, ambaye mji mzima tunamwita Papa Presida, alinipa kapiteni watatu wa kujaribia. Mmoja wao ni Papa Riziki. Mtu mpole, anaongea polepole kama anayepima kila neno kwenye mizani. Ni yeye peke yake aliyekuja kuangalia kioo. Alikaa akatazama jina la boti yake likiwa kijani.

"Kumbe niko pale," akasema.

"Uko pale, Papa."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, mashine inaona hujibu, inapiga kelele bandarini. Watu wanakuja kukuchukua."

Akafikiri sana. "Muzuri. Basi mimi nitanyamaza tu, watu watakuya."

"Hivyo hivyo, Papa," nikasema, nikacheka, nikamsindikiza.

Simu nilizotumia zilikuwa zao wenyewe. Mpango wangu ulikuwa kwamba chama kikikubali, kila boti itapata simu yake, ifungwe kwenye mbao isitoke. Kwa majaribio nikasema zao zinatosha. Simu za kapiteni zinalala wapi usiku, karibu na sikio la nani, hilo sikujiuliza. Mimi. Ninayeuliza kila kitu.

Basi leo ilikuwa siku ya chama kuamua. Ndiyo, maboti yote yanaingia kwenye mashine. Hapana, tunarudi kwenye itakuwa-imelala, na mimi narudi kwenye siafu wangu. Ukumbi wa parokia ulijaa. Nusu ya wenye maboti ni mama wa biashara, wale wanaouza samaki, ndakala na mikebuka, wanaoajiri kapiteni na kumfukuza kabla hajamaliza chai. Kuran, umeme wa mji, ilikuwa imekatika, gurupe, jenereta ya parokia, ilikuwa inanguruma nje, na Debo, rafiki yangu aliyekuja kunisaidia kuonyesha kioo ukutani, alikuwa anakula karanga za watu wa mbele.

Sala. Wimbo. Sala.

Nikawa natembea huku na huku.

"Sifa, kaa chini," Debo akaninong'oneza. "Unatuzungusha kichwa."

"Siwezi."

"Basi zunguka upande ule. Unaleta kivuli ukutani."

Mstari wa tatu alikuwa amekaa Mama Riziki, mke wa kapiteni wangu. Boti ni yake, mume anaiendesha. Alikuwa amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili na hakuwa anazungumza na jirani yeyote. Nikajisemea, huyo ndiye mtu makini, huyo atanielewa.

Nikaanza. Niliongea vizuri, hilo hata Debo amekubali. Ukutani zilionekana boti tatu, zote kijani. Nikaeleza walinzi. Nikaeleza msimamizi. Mama mmoja akasema afadhali hawa walinzi kuliko yule wa kwake nyumbani anayelala mapema kuliko kuku. Watu wakacheka. Nilikuwa nimewashika mkononi.

Ndipo Papa Presida akainua kidole.

"Mutoto, mimi nauliza kitu kimoja. Simu ikiita, nani amekuambia boti ni nzima?"

"Papa Presida, simu ikiita maana yake iko kwenye rezo, haijazama, haijazimika. Na simu iko na kapiteni, na kapiteni iko ndani ya boti."

"Kama ameisahau ku nyumba?"

"Kapiteni hawezi kwenda ziwani bila simu, Papa."

"Nani amesema?"

Hiyo ni sentensi yangu. Nani amesema ni yangu, naitumia tangu darasa la pili, walimu wamenifukuza nayo. Kuipokea kutoka kwa mtu mwingine ni kama kuona mtu barabarani amevaa nguo yako. Na mimi nikikosa la kusema, nafanya kitu chenye kelele.

"Ngoja kwanza, Papa Presida, niwaonyeshe jinsi isivyokufa," nikasema. "Angalieni. Sasa namuua mlinzi wa Papa Riziki."

"Eh, mutoto wangu, usiseme vile," mama mmoja akasema. "Muntu iko ku maji."

"Mlinzi, Mama. Si Papa mwenyewe. Kijitu cha ndani ya ordinateri."

Nikabonyeza. Mlinzi akafa. Jina likapotea ukutani, likarudi papo hapo, kijani. Watu wakasema "Aaa." Na mahali fulani ukumbini simu ikaita mara moja ikanyamaza.

"Nitamuua tena," nikasema.

Nikamuua. Akafufuka. Simu ikaita mara moja ikanyamaza.

"Muzime matelefone, tafazali," Papa Presida akasema kwa ukali, akiangalia kila upande.

Nikawa nimenogewa. Nilitaka wasahau swali. Ua, fufuka, kijani. Ua, fufuka, kijani. Makofi. Na kila mara, kama mwitikio wa kwaya, kasauti kale kale kutoka mstari wa tatu. Watu wakaanza kugeuza shingo. Debo aliacha kutafuna.

"Sifa," akasema chini chini. "Acha kuua."

"Kwa nini?"

"Nakuambia acha kuua."

Na mimi mtu akiniambia acha bila sababu, naendelea ili niione sababu. Nikaua mara moja zaidi.

Simu ikaita. Mama Riziki akasimama. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakunjua kitambaa, na ndani yake kulikuwa na simu ambayo kioo chake kilikuwa bado kinawaka. Akaja mbele taratibu, watu wakimpishia magoti. Akaitazama ile simu yangu mezani, iliyofungwa kwa waya kwenye ordinateri. Akatazama namba iliyokuwa bado kwenye kioo chake: ya mumewe. Akanitazama mimi, kuanzia viatu kwenda juu.

"Njo weye," akasema: ndiye wewe.

"Jambo, Mama." (Mtu mwenye akili hasalimii wakati ule. Mimi nilisalimia.)

"Njo weye unamubipaka bwana yangu usiku muzima?"

"Si mimi, Mama. Ni mashine."

Ukumbi ukapata uhai mpya.

"Mashine," Mama Riziki akasema, akiwageukia watu. "Mumesikia? Mashine. Mashine inamutakia Papa Riziki nini?"

"Inamuuliza tu kama yuko."

"Saa ile bwana yangu iko ku kitanda yangu, inamuuliza kama iko?"

"Ajibu basi," sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma. "Aseme, iko ao haiko?"

Niliona bega la Debo likitetemeka. Alikuwa ameingiza uso wake chini ya meza, anajifanya anatafuta waya.

"Nikafunga namba yako," Mama Riziki akaendelea. "Nikalala muzuri. Kumbe unakuya na ingine."

"Hiyo ni namba ya akiba, Mama. Ya kwanza ikikataliwa, inaingia ya pili. Ni usalama."

"Anakubali. Mumesikia, anakubali." Akashusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nikajisemea, nitamupigia mimi mwenyewe. Sitamutukana. Tutaongea, mwanamuke na mwanamuke. Nikapiga. Ukakata. Nikapiga tena. Ukakata."

"Ndivyo ilivyoandikwa ikate, Mama."

"Nani ameandika?"

Kuna majibu mawili ya swali kama hilo, na la pili ni kukimbia. Gurupe ilikuwa inanguruma nje. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama mbele.

"Mimi," nikasema.

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Mama wawili walilazimika kutoka nje kucheka. Papa Presida akagonga meza kwa kalamu. "Mama Riziki, kaa kwanza, tutatengeneza."

"Papa Presida, si weye njo ulimupa namba ya bwana yangu?"

Mke wa Papa Presida, aliyekuwa mstari wa kwanza, akageuka polepole akamtazama mumewe. Papa Presida akakaa yeye.

Sasa nilitakiwa kunyamaza. Badala yake nikaamua kumthibitishia. Ugonjwa wangu ni huo: mtu akinishuku, namletea ushahidi.

"Mama, tafadhali, angalia ukutani," nikasema. "Hii hapa njo boti yenu. Unaona ni kijani? Kijani maana yake Papa Riziki ni mzima, yuko ziwani, hana shida. Mashine inajua hivyo kwa sababu simu yake inaita."

"Simu yake njo hii," akasema, akainyanyua.

"Ndiyo, Mama."

"Iko na miye tangu jana. Nilimunyanganya."

Nilisikia maneno yangu yakirudi kutoka ukutani. Mzima. Yuko ziwani. Hana shida. Nani amesema? Nikageuka nikaangalia kioo. Boti ya Papa Riziki ilikuwa kijani. Haijawahi kuwa kijani kama ilivyokuwa wakati ule.

Mama Riziki alinitazama tena, lakini sasa si kama mtu wa kugombana naye. Alikuwa kama mtu anayefanya hesabu ambayo haitaki kutoka.

"Aliondoka alfajiri kuchukua mizigo," akasema. "Alipaswa kufika mbele ya mukutano kuanza. Nikaona haji. Nikajua tu iko kwa yule mwanamuke." Akanyoosha kidole kwenye meza, kwenye simu na waya wake. "Sasa, kama yule mwanamuke njo hii, na hii iko hapa, bwana yangu iko wapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Itakuwa imelala," mtu mmoja akaanza kusema, halafu akaishia hapo hapo. Nadhani alisikia mwenyewe.

Papa Presida akasimama. "Boti ya nani iko na mafuta?"

Ukumbi ukamwagika. Viti vya plastiki vikaanguka. Wale mama waliokuwa wanacheka nje wakaulizwa kuna nini, na walipoambiwa wakavua viatu na kukimbia kuelekea maji. Mimi nikabaki mbele ya kioo. Debo alikuwa ametoka chini ya meza.

"Nizime?" akauliza.

Boti ilikuwa bado kijani.

"Sijui," nikasema. Nikakimbia na wengine.

Boti moja ikaondoka kumtafuta. Sisi wengine tukabaki ufukoni. Kungoja siwezi hata foleni ya mkate, sembuse ile. Nilitembea kutoka boti moja iliyopinduliwa hadi nyingine, nikarudi. Mama Riziki alikaa kwenye beseni lililogeuzwa, simu mkononi. Na simu ikaita mara moja ikanyamaza. Baada ya kitambo, tena. Mlinzi alikuwa kazini. Alikuwa anamuuliza Papa Riziki kama yuko, na kila mara alikuwa anajibiwa na mkono wa mke wake kwamba yuko.

"Iambie iache," Mama Riziki akasema, bila kuniangalia.

Programu naweza kuifikia kutoka simu yangu. Nikamuua mlinzi. Msimamizi akamfufua. Mlinzi mpya, kwa adabu zake, akajitambulisha: simu ikaita mara moja. Nikamuua tena. Akafufuka tena. Nilikuwa nimeandika kitu ambacho hakifi, na sasa nilikuwa nimesimama mchangani nakisihi kife.

"Nimeishaiambia, Mama. Haitaki."

"Hii iko na kichwa nguvu kuniliko."

"Samahani, Mama."

"Keti. Unatupa muchanga ku macho ya watu."

Nikakaa, kwa mara ya kwanza leo. Akasogea kidogo kwenye beseni ili nipate ukingo. Simu ikaita mara moja. Akaigeuza kifudifudi kwenye paja. Nilitaka kumuuliza kama Papa Riziki anajua kuogelea, na nadhani ni swali la kwanza maishani mwangu ambalo nimelimeza.

Walirudi mchana, polepole, boti moja inavuta nyingine. Tuliona kwanza boti mbili, halafu watu wakaanza kubishana ile ya nyuma ni ya nani, halafu Mama Riziki akasimama na beseni likanipindukia.

Papa Riziki alikuwa amekaa juu ya magunia. Alikuwa anakula ndizi.

Moteri ilikuwa imekufa mapema, hata kabla sisi hatujaanza sala ya kwanza. Walimkuta anaelea upande wa mdomo wa mto Lukuga, hana haraka. Alishuka, akasalimia kila mtu kwa zamu, akafika kwa mke wake. Mama Riziki akamuuliza maswali mengi kwa sauti kubwa, na hakuna hata moja lililohusu moteri. Halafu akamshika mkono na hakumwachia mpaka walipofika barabarani. Nilimwona akimrudishia simu. Nikamwona akimnyang'anya tena.

Chama kiliamua palepale mchangani, bila sala. Papa Presida alinyoosha kidole tena, na safari hii nilikuwa nasikiliza.

"Mashine tunaikubali," akasema. "Kubipa tunakataa. Simu ifungwe ku mbao ya boti. Na kapiteni ajibu na sauti yake, si kengele. Boti ikifika, huyo mulinzi wako alale kama wantu wengine."

"Ndiyo, Papa."

"Na ile swali yangu, umepata jibu?"

"Bado, Papa."

"Muzuri. Ukiwa nayo, kuya."

Nilikuwa karibu kufurahi. Ndipo wale mama wakatoa sharti lao. Wamesema hawataki simu za gizani tena, wala namba wasiyoijua. Kwa hiyo Jumapili, kanisani, baada ya matangazo ya watu wanaotaka kuoana, zitasomwa namba zangu mbili, na jina langu, na maelezo kwamba mwenye namba hizo hana nia yoyote na waume za watu. Mama yangu amesema atakaa mstari wa nyuma. Baba amesema atakuwa na homa.

Basi mkinikuta sokoni wiki hii, nisalimieni kawaida, mniulize bei ya nyanya. Na anayetaka kunibipa ili anichokoze, nimemwambia Debo na nawaambia ninyi: namba hizo zinakata.

Nilidhani imeishia hapo. Jioni Papa Riziki akaja nyumbani, amevaa shati safi, kuniomba msamaha kwa niaba ya mke wake. Nikamwambia ni mimi wa kuomba. Tukaombana pale mlangoni mpaka Mama akatuletea viti. Akakaa, akaongea taratibu, na katikati ya mambo mengine akasema jambo ambalo sijaweza kukaa chini tangu alipolisema.

Amesema jana mke wake alimwambia simu ameitupa chooni, haitaita tena. Kwa hiyo moteri ilipokufa, yeye hakuhangaika. Pirogi, mtumbwi wa wavuvi, ilipita karibu naye asubuhi ile ile, wakamuuliza kama wamvute mpaka bandarini. Akawashukuru, akawaambia waendelee na safari yao: mashine ya Sifa imeishaona kwamba hajibu.